Mteremko wa Ng'ombe

Jumatatu, 25 Machi 1957

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na mimi nimeanza kuandika. Daftari hili kaka yangu Kiptanui alipewa stesheni anakopakia mizigo, na kurasa zake zina mistari ya kuandikia magunia. Mimi nitaandika yanayonichefua, na naona kurasa hazitatosha.

Nianze na mate. Mtu anayetembea wima hajui watu wa mji huu wa Nakuru wanatema mate kiasi gani. Mimi najua, kwa sababu natembea kwa mikono na magoti. Polio ilinishika nikiwa na miaka minne, kwetu Keringet, ikaniachia miguu isiyo na nguvu ambayo naiburuta nyuma. Viganjani na magotini nafunga vipande vya tairi. Kutwa nzima naona viatu, pindo za makoti, maganda ya ndizi, mavi ya mbwa, na mate. Kiangazi napumua vumbi la magadi linalopeperuka kutoka ziwani. Masika ni tope, na tope la lokesheni yetu, mtaa wa Waafrika, si udongo na maji peke yake. Vyoo vyetu ni vya ndoo, na wabeba ndoo nao huteleza.

Lakini leo kuna habari. Ukumbi mpya wa lokesheni umekwisha kujengwa, na kamati inatafuta mwalimu wa kuwafundisha akina mama kushona. Mtihani ni Jumamosi tarehe 15 Juni, ndani ya ukumbi. Atakayeshinda atapewa na chumba chake. Mimi nashona kwa cherehani ya mkono tangu nilipokuwa misheni, na mashati yote ya kwaya ni kazi yangu. Nina miaka ishirini na saba, nalala nyuma ya pazia katika chumba kimoja cha kaka yangu, naye anataka kuoa na anaona haya kuniambia. Naitaka kazi hii mpaka meno yananiuma.

Alhamisi, 28 Machi

Nimekwenda kuuona ukumbi. Mawe ya kuchonga, mabati mapya, milango ya kijani. Na ngazi saba. Fundi Joash, yule mwashi wa kutoka Maragoli aliyeujenga, alikuwa amepiga magoti akizing'arisha ngazi kwa nta nyekundu.

"Dada, usikanyage hapo! Nta haijakauka."

"Sina cha kukanyagia, fundi. Nimekuja kuuliza nitapandaje."

Akazitazama ngazi zake, akanitazama mimi, akazitazama tena. Nadhani katika miezi yote ya kujenga hilo halikupita kichwani mwake hata mara moja.

"Watu watakubeba," akasema. "Wewe uko mwepesi."

"Na kwa nini nyumba imepanda juu namna hii?"

"Heshima, dada. Nyumba kubwa lazima ipande. Kanisa iko na ngazi, benki iko na ngazi, posta iko na ngazi."

Ni kweli, kote huko kuna ngazi. Nilitaka kumtapikia juu ya nta yake.

Jumapili, 31 Machi

Nieleze habari ya kubebwa, maana wanaobeba huisimulia kwa namna yao.

Kanisani ngazi ni tatu. Wanaume wawili hunibeba, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa nyuma ni shemasi. Mkono wake wa kushoto hupita chini ya paja langu na hukaa pale kuliko safari yenyewe inavyohitaji, na muda wote huo anaimba. Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Hii ya leo ni mara ya tisa. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Shemasi, mkono." Naye akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni, "Usiogope dada, sitakuangusha!" Watu wakasema amina. Mama mmoja akaniinamia akaniambia nimshukuru Mungu kwa kuniletea watu wenye huruma.

Nimerudi nyumbani nikajisugua kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikawaka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nimeapa kwamba sibebwi tena, kanisani wala ukumbini. Nikishindwa kuingia mahali kwa magoti yangu mwenyewe, basi siingii.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Tope limefika mlangoni. Nimeshona kola sita.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Mtu ametema mate yakaniangukia mkononi. Amesema pole huku anakwenda zake.

Ijumaa, 12 Aprili

Kiptanui amenipeleka stesheni kwa mkokoteni wake, tukamchukue mama yetu mdogo atokaye Molo. Gari la moshi lilichelewa. Nikakaa kwenye banda la mizigo nikiwatazama wanaume wakipakia ng'ombe wa Mzungu mmoja.

Behewa liko juu, karibu kimo cha kifua cha mtu. Na mbele yake pana mteremko wa saruji. Ng'ombe walikuwa wanapanda mmoja mmoja, taratibu, wakijinyea, na hakuna aliyembeba hata mmoja. Nilimuuliza Kiptanui wanapelekwa wapi.

"Nairobi, kuchinjwa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na kaka yangu akadhani nalia, akaanza kunipapasa bega. Nilimwambia aache. Ng'ombe wa kuchinjwa kesho amejengewa njia yake, na mimi ambaye Mungu akipenda nitaishi miaka arobaini zaidi nimejengewa ngazi saba zenye nta! Jioni nimeandika barua kwa kamati. Nimeandika wazi kabisa: "Naomba mjenge mteremko wa saruji kando ya ngazi, kama ule wa ng'ombe pale stesheni."

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Sikwenda kanisani. Nimesikia uimbaji kutoka kitandani.

Jumanne, 30 Aprili

Kamati imesikiliza shauri langu. Wao walikaa ndani na mimi nikakaa nje kwenye manyunyu, kwa kuwa shauri lenyewe lilikuwa kwamba siwezi kuingia ndani. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Barua yangu iliingizwa na rafiki yangu Wangare, muuza viazi wa sokoni, ambaye mwenyewe, kwa kuwa ni Mkikuyu, siku hizi za Emajensi hatembei hatua kumi bila kuulizwa pasi.

Baadaye wakatoka barazani, wanaume watano, wakasimama juu ya ngazi wakanitazama chini. Mwenyekiti ni Mzee Kosgei, aliyekuwa sajini katika vita vya Wazungu kule Bama. Ana tumbo, na kutoka nilipokaa tumbo lake lilikuwa limeuficha uso wake, kwa hiyo nilizungumza na vifungo vya koti.

"Mtoto wangu," akasema, "hii holi ni ya watu wote. Nani amekukataza kuingia?"

"Ngazi, mzee."

"Ngazi haina mdomo."

"Ndiyo sababu nashindwa kubishana nayo. Nimekuja kubishana na wewe."

Wengine wakaguna. Mmoja akasema mwanamke wa namna yangu alitakiwa kuwa mpole. Mwingine akasema kwamba kama ni kubebwa, vijana wako tele, na yeye mwenyewe angejitolea. Akajishika kiuno aliposema hivyo.

Wangare akawapandia mpaka kwenye ngazi ya nne. "Wazee, ng'ombe wa Mzungu anapanda gari bila kubebwa. Huyu ni binti yenu. Mnataka niende nikaseme sokoni kwamba mmeshindwa na ng'ombe?"

Soko la Nakuru likianza kumcheka mtu, heri ahame. Mzee Kosgei akakohoa, akasema kuna saruji iliyobaki, na Joash ataujenga mteremko. Lakini si mbele, kwa sababu utaharibu sura ya nyumba. Utakuwa ubavuni, upande wa vyoo.

Nimekubali. Niandike pia kwamba nilisema asante.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Joash hajaanza.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua. Joash anasema saruji haiwezi kumwagwa kwenye maji. Amepata kibarua Lanet kwa siku chache.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua kubwa. Ndoo za vyoo hazijachukuliwa siku nne. Mto unaopita mlangoni petu sitaueleza, nisije nikaitapikia karatasi.

Jumatano, 29 Mei

Jua! Joash ameanza. Nimekwenda kumwona akipanga mawe ya msingi. Ubavuni kweli, hatua sita kutoka kwenye milango ya ndoo, na nzi wanamfunika usoni akifanya kazi. Nilimwambia anipime, aone magoti yangu yanavyokwenda na miguu inavyofuata, ili ajue upana na mwinuko. Alicheka kwa wema. Joash si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha.

"Dada, mimi najua mteremko. Nimejengea Wazungu kumi na mbili, Njoro na Rongai, tena ya dipu ya kuogesha mifugo na ya lori. Wewe kaa, ngoja kuona kazi."

Nimerudi nyumbani nikiimba. Nimejikemea, kisha nikaimba tena.

Jumatatu, 3 Juni

Saruji imefunikwa kwa magunia ili ikauke polepole. Nimekaa karibu nayo kidogo, na ile harufu ya choo sikuisikia sana.

Jumatano, 12 Juni

Magunia yameondolewa.

Joash alikuwa amenawa, amevaa shati safi, anangoja kunionyesha. Wangare na Kiptanui walikuja nami. Nikafika chini ya mteremko nikainua macho.

Matuta. Kutoka chini mpaka juu, matuta ya saruji yaliyolala kukingama, kila moja limeinuka vidole vinne, kingo zake kali na zimenyooka vizuri kabisa. Nimeyahesabu. Ni kumi na manne. Pande zote mbili mabomba ya chuma, na njia inakwenda ikipungua upana kadiri unavyopanda.

"Unaona, dada?" Joash alikuwa anang'aa uso mzima. "Hata mvua inyeshe namna gani, hapa hakuna kuteleza. Kwato inashika pale, inasukuma, inashika tena..."

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Alitazama magoti yangu, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza anayatazama.

Nieleze jambo ambalo watu hawalijui. Miguu yangu haina nguvu, lakini ina maumivu kama miguu ya mtu yeyote. Goti lina tairi. Muundi hauna kitu, wala mgongo wa unyayo, na ndivyo vinavyoburutwa. Kwenye sakafu laini vinateleza. Kwenye tope vinachafuka. Kwenye matuta kumi na manne ya saruji vitachunwa.

Mzee Kosgei akaitwa. Alisikiliza, kisha akatoa barua yangu mfukoni, akavaa miwani, akasoma mbele ya watu: "‘Kama ule wa ng'ombe pale stesheni.' Si wewe uliandika hivyo, mtoto wangu? Joash amefuata maandishi."

Kiptanui alikuwa amekwisha kushika sururu. Nilimzuia. Mtihani ni Jumamosi, na akiuvunja watasema tulipewa tukakataa. Lakini chuki niliyoisikia leo si kwa Joash wala kwa Mzee Kosgei peke yao. Nimejichukia mimi. Katika kuomba njia ya mtu nilijifananisha na ng'ombe kwa mkono wangu, nikidhani nafanya mzaha wa kuwaumiza wazee. Nao wakanijengea jinsi nilivyoomba, mpaka kwenye kwato.

Jumamosi, 15 Juni

Nimefika saa mbili asubuhi. Miundi nimeifunga magunia na kamba za katani. Wangare alibeba cherehani yangu akapanda nayo ngazi saba, kwa hiyo cherehani iliingia ukumbini kabla ya mwenyewe.

Waliotaka kunibeba walikuwa wamejipanga. Shemasi naye alikuwepo, mikono tayari. Nikawaambia, "Atakayenigusa nitamng'ata." Wakacheka. Mmoja akasogea, nikamwonyesha meno, hakusogea tena.

Niliwaomba akina mama wa mtihani waniletee kitambaa nje nishonee barazani, maana mtihani ni wa kushona. Memsahabu, yule Mzungu anayesimamia kazi za akina mama, alisema si haki kwa wengine, mtihani ni ndani. Haki! Basi nikaenda upande wa vyoo.

Tuta la kwanza nilivuka vizuri. La pili vizuri. La tatu kamba ya mguu wa kushoto ilinasa kwenye ukingo, gunia likavuka na mguu ukabaki. Nikauvuta. Kutoka hapo sikuhesabu kwa akili, nilihesabu kwa ngozi. Mwinuko ni mkali kwa sababu ulipimwa kwa nguvu za ng'ombe dume, na ukipumzika unarudi nyuma juu ya tuta ulilokwisha kuvuka, likuume mara ya pili. Kwa hiyo sikupumzika. Nzi walikuja. Nyuma yangu watu walikuwa wamejaa, wengine wanaimba wimbo wa kunitia moyo, na sijawahi kuchukia wimbo kama huo. Waliimba beti zote!

Juu kabisa, pale njia ilipobanwa na mabomba, mabega yangu yalikwama. Niligeuka ubavu nikapenya.

Ndani sakafu ilikuwa nyekundu na imeng'aa. Memsahabu akatazama nyuma yangu, kwenye mistari miwili niliyoiacha sakafuni, akasema jambo kwa karani. Karani akaleta gazeti. Sikuletewa la kufungia kidonda. Lilikuwa la kutandika nikalie, nisiharibu sakafu.

Nikakaa juu ya gazeti. Nikanawa mikono kwenye beseni. Wenzangu wawili walikuwa na cherehani za miguu, mimi na yangu ya mkono. Tulipewa shati la kiume, mikono mirefu, kola, matundu sita ya vifungo. Nilishona kwa hasira iliyotulia. Sindano ilikwenda nilikotaka. Nilipomaliza niliukata uzi kwa meno, nikalikunja shati, na halikuwa na doa hata moja. Damu yote ilikuwa upande mwingine.

Kushuka nilishuka kwa kukaa, tuta kwa tuta. Kiptanui alinipokea chini. Alinirudisha nyumbani, kisha akatoka nje akapiga ukuta teke.

Alhamisi, 20 Juni

Homa. Muundi wa kushoto umevimba, unatoa usaha wa rangi ya uji. Zahanati wamenipaka dawa ya zambarau. Zahanati nayo ina ngazi mbili, kwa hiyo daktari msaidizi alinipaka uani.

Jumatano, 26 Juni

Nimeshinda.

Mzee Kosgei alikuja mwenyewe kuniambia, na karatasi yenye muhuri. Kiptanui aliruka mpaka kichwa kikagonga mwamba wa paa. Mimi nilikuwa nafungua mdomo kushangilia mzee alipoongeza lake.

"Na unaona, mtoto wangu? Ulilia sana juu ya ile njia, lakini ulipanda. Tena mbele ya watu wote. Memsahabu amesifu sana moyo wako. Kwa hiyo kamati imesema hakuna haja ya kugusa kitu."

Nimekaa na karatasi mapajani mpaka jua likazama. Kila tuta nililovuka siku ile nilikuwa natia sahihi kwamba linavukika. Darasa linaanza tarehe 6 Julai. Ni siku tatu kwa wiki. Nimepiga hesabu ya ngozi, na haitoshi.

Ijumaa, 28 Juni

Usaha bado. Kamba za magunia zilikuwa zimeingia nyamani. Wangare amezitoa nyuzi moja moja kwa sindano yangu ya kushonea.

Jumatatu, 1 Julai

Mvua imerudi. Nimemwambia Kiptanui nitakachofanya Jumamosi. Amesema nitafukuzwa. Nimesema basi.

Jumamosi, 6 Julai

Niandike haraka kabla sijasahau hata neno moja.

Nilifika mapema kwa mkokoteni. Sikupanda. Chini ya mteremko, penye tope, niliweka kreti, juu ya kreti cherehani, nikakaa juu ya gunia. Sikumwambia mtu yeyote anifuate, Mungu ni shahidi. Wanafunzi walikuwa ishirini na mmoja, wako barazani na madaftari na leso safi. Wakanitazama.

"Mwalimu, darasa liko ndani," mmoja akasema.

"Mwalimu yuko hapa," nikajibu. "Anayetaka kujifunza pindo aje."

Wangare akashuka wa kwanza. Akavua leso, akaitandika kwenye tope, akakaa. Kisha mke wa mfanyakazi mmoja wa reli. Kisha wawili pamoja. Nilikuwa nimeinamisha uso, nasikia tu miguu ikishuka zile ngazi nzuri, moja baada ya nyingine. Nilipoinua kichwa hakuna aliyebaki juu isipokuwa Mzee Kosgei.

"Mkubwa wa manispaa anakuja saa nne kufungua holi!" akasema. "Chepkorir, mtoto wangu, usiniaibishe."

"Tukunje kitambaa mara mbili," nikawaambia wanafunzi, "na kidole gumba kikae hapa."

Mkubwa alikuja na Memsahabu na gari lenye bendera. Manyunyu yalikuwa yameanza. Aliona ukumbi mtupu na wanawake ishirini na wawili wamekaa kwenye tope kando ya vyoo wakishona. Akauliza kuna nini.

"Wanapenda hewa, bwana," akasema Mzee Kosgei. Hewa ya hapo!

Mkubwa alikuja mpaka karibu, kitambaa puani. Huyu ni Mzungu, na kabla ya kazi ya mji alikuwa mfugaji wa ng'ombe. Aliutazama mteremko mara moja tu, akalipiga tuta la kwanza kwa ncha ya buti. Kamati miezi yote ile haikuona alichokiona yeye.

"Nani jenga hii?" akasema kwa Kiswahili chake. "Hii ya ng'ombe! Muzuri sana, lakini ya ng'ombe. Ng'ombe iko wapi?"

Akacheka. Memsahabu akatabasamu. Kamati nzima ikacheka, kwa kuwa mkubwa amecheka, na Mzee Kosgei akacheka kuliko wote mpaka vifungo vikatikisika. Wanawake hawakucheka.

Mimi ni mwanamke wa kanisa, na sijawahi kumwonyesha mwanamume miguu yangu hadharani. Niliushika upindo wa rinda nikauvuta mpaka magotini. Zambarau, usaha, makovu mabichi, yote.

"Ndiye mimi, bwana," nikasema. "Ng'ombe ndiye mimi."

Kicheko kilikatika. Mkubwa alitazama, akageuza uso, akasema jambo kwa Kiingereza, akaenda juu kwa ngazi kunywa chai iliyoandaliwa. Hilo ndilo alilolifanya. Kamati ikamfuata. Nilisikia vikombe.

Lakini kabla hawajaingia nilimwona Joash. Alikuwa amesimama nyuma ya umati, amevaa lile shati safi, amekuja kusikia nyumba yake ikisifiwa. Hakuwa amecheka. Alikuwa anaitazama miundi yangu, tuta kwa tuta, na midomo yake ilikuwa inakwenda kama anahesabu.

Mvua ikawa mvua kweli. Tulimaliza pindo. Hakuna aliyeondoka.

Jumatatu, 8 Julai

Tulikaa tena chini. Kabla hatujaanza, Joash alikuja na patasi, nyundo na mfuko wa saruji alioununua mwenyewe. Mzee Kosgei alikuwa barazani, akamwuliza kwa ruhusa ya nani. Joash alipiga magoti kwenye tuta la kwanza akaanza kulikata.

Nilifundisha matundu ya vifungo huku nyundo ikilia. Vipande viliruka, na wanafunzi walikuwa wakivifuta kwenye vitambaa bila kunung'unika. Mpaka saa tisa alikuwa amemaliza yote kumi na manne. Yale mabomba ya juu aliyang'oa. Chini akaongeza mteremko hatua mbili zaidi ili mwinuko upungue. Kisha akapaka saruji nyembamba, akailaza kwa mwiko, akarudi nyuma, akasimama mbele yangu na kofia mkononi.

"Dada, nataka kuuliza. Iwe laini namna gani?"

Ningeweza kumwambia kwa maneno. Nilikuwa nayo mengi, yamejaa daftari hili. Lakini alikuwa ameuliza, na tangu Machi ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.

"Ikikauka," nikamwambia, "lala kifudifudi, uupitishe uso wako kutoka chini mpaka juu. Mahali utakaposema ai, bado."

Ijumaa, 12 Julai

Leo imekauka. Joash alilala kifudifudi mbele ya wanawake ishirini na wawili na kamati nzima, akaweka shavu lake kwenye saruji, akaanza kupanda. Nzi walimfuata. Alikwenda polepole sana. Karibu na juu alisimama, akajishika shavu, akarudi chini kuchukua patasi.

Shemasi sijamsamehe, wala mkubwa, wala Mzee Kosgei na mifuko yake ya barua. Joash bado nafikiri.

Alisugua pale mahali, akalala tena, akapita tena. Mara hii alifika juu bila kusema ai. Nikafunga tairi zangu vizuri na kumwambia anipishe.